Uzi wa wifi yangu Mromania umeitwa hirizi. Tufanyeje?

FundiWaKorongoni
Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni. Kaka yangu ameoa Mromania, mtu wa Iași, wako hapa Moshi mwaka wa sita. Kwao tarehe 1 Machi wanapeana mărțișor, tamka "martsishor": uzi mwekundu na mweupe uliosokotwa pamoja, wa kuagia baridi kali. Unavaliwa hadi Machi iishe, kisha unafungwa kwenye tawi la mti. UNESCO wameiorodhesha desturi hiyo tangu 2017.

Mwaka huu akawafunga wanawe mkononi. Saa nne asubuhi simu ya shule: "Mama, hirizi za watoto tumezikata." Mkubwa alirudi analia, uzi uko kwenye bahasha. Wifi siku hiyo hakugusa chakula.

Sasa mwakani anataka aalike majirani na Waromania wenzake wanne wa hapa na Arusha, wanawe waone kwamba na cha mama yao kina heshima. Mama yetu anasema aachane nayo. Nyie mnaonaje?

Mangi wa Mtaani
Pole, fundi, ila mwalimu simlaumu. Huku uzi mwekundu kwenye mkono wa mtoto una maana moja tu, hata UNESCO waseme nini. Awapikie watu, basi. Nani anagombana na sahani?

Dada wa Njiro
Kwenye sahani nakuunga mkono. Nimesoma Bucharest miaka minne. Wana mămăligă, ni ugali kabisa, wa mahindi ya njano, na kwa kizamani haukatwi kwa kisu, unakatwa kwa uzi! Mchaga akiona ugali unakatwa kwa uzi atacheka mpaka asahau hirizi. Sarmale nazo asiache: nyama ya kusaga na mchele, vinaviringishwa kwenye jani la kabichi iliyochachushwa. Kabichi ilale kwenye maji ya chumvi wiki kadhaa, si ya juzi.

Taasisi yao ya utamaduni msiitegemee, matawi yake ni ya kina London, Paris na New York. Halafu fundi, kwani lazima mkononi? Wengi niliowaona walibana kifuani kwa pini, uzi unaning'iniza kidude kidogo, kama beji.

Babu wa Kibosho
Wajukuu, mimi nauliza mti. Asije akafunga kwenye isale, mmea wetu Wachaga wa kuombea msamaha.

FundiWaKorongoni
Shikamoo babu, umechelewa! Mwaka juzi alifunga kwenye isale la uzioni. Mama akazunguka nyumba nzima akiuliza nani kamkosea nani mpaka aombwe msamaha. Safari hii ni mparachichi wa nyuma.

Pini kifuani sikuiwaza, na mimi ndiye fundi! Nitasokota nyuzi mwenyewe. Na nitamwambia avae ie yake, blauzi ya kwao iliyodariziwa mabegani. Niliwahi kuigeuza ndani nje kutafuta mafundo, sikuona hata moja, nikaona aibu kwa zile zangu za sare. Wakija mafundi wenzangu wa Mbuyuni hiyo haitahitaji maelezo.

Dada wa Njiro, huo uzi wa ugali ni upi? Wa cherehani si utakatika?

Dada wa Njiro
Wa pamba, mnene. Na muulowanishe kwanza.