Naombeni ushauri: mgeni wa likizo nzima, na nyumba yenyewe ndogo

Theluji Mpya
Habari zenu wakuu. Watoto wamelala, mume yuko zamu, na mimi usingizi umenipaa.

Likizo ya mwisho wa mwaka imekaribia. Huku tuliko majani yameshapukutika, saa zimerudishwa nyuma, na ikifika saa kumi jioni giza limeingia. Wengi hawakipendi kipindi hiki, mimi nakipenda kuliko vyote. Mwaka mzima mimi na mume wangu tunapishana mlangoni, huyu anatoka kazini, yule anaingia. Likizo ya baridi ndiyo inayotukalisha pamoja. Tunazima simu, tunasoma hadithi chini ya blanketi moja, watoto wanakata nyota za karatasi na kuzibandika dirishani. Mazoea hayo nimeyajenga mwenyewe tangu kifungua mimba wetu azaliwe, na nayalinda.

Sasa mume wangu kaniambia kuna mgeni wake atakuja kukaa nasi. Si siku mbili tatu, likizo yote. Nyumba ina vyumba viwili tu. Nimemwambia haiwezekani, kanyamaza, na yeye akinyamaza najua kashaamua. Nifanyeje ili likizo ya familia yangu isiharibike, na bila ugomvi? Matusi sitaki, nataka mawazo.

Mzee wa Kijiweni
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huko kwenu mpe beleshi, aanze na theluji ya mlangoni. Ataondoka mwenyewe.

Nesi wa Zamu
Dada, wenzangu watajibu la mgeni. Mimi nimesimama hapo uliposema usingizi umekupaa. Miezi hii mwili unakosa mwanga, na kuna watu inawaangusha kabisa: usingizi unavurugika, hasira karibu, kila kitu kinakuwa kizito. Mwaka 1984 daktari Norman Rosenthal na wenzake kule Marekani waliieleza kitaalamu hiyo sonona inayokuja na majira na kuondoka nayo. Toka nje asubuhi, hata kukiwa na mawingu, maana mwanga wa nje siku ya mawingu bado unauzidi kwa mbali ule wa taa za sebuleni. Zipo pia taa maalumu za lux 10,000 (lux ni kipimo cha ukali wa mwanga), mtu anakaa mbele yake kama nusu saa asubuhi. Mwenye maradhi ya macho au anayetumia dawa za akili amuulize daktari kwanza. Nimehudumia watu walioteseka kwa miaka wakidhani ndoa ndiyo mbovu, kumbe ni giza.

Theluji Mpya
Asante Nesi, nitaanza na matembezi ya asubuhi. Ila tatizo langu ni mgeni.

Binti Nahodha
Mgeni gani? Unazunguka sana, dada. Mgeni ana cheo: mama mkwe, wifi, shemeji, rafiki wa mume. Wako ni yupi? Mwanamke au mwanaume?

Theluji Mpya
Si mama mkwe. Mama mkwe angekuja ningempisha chumba changu. Ni mtu wa upande wa mume wangu, umri mdogo.

Binti Nahodha
Mdogo kiasi gani?

Theluji Mpya
Miaka saba.

Shangazi Kaja
Mwanangu, mgeni wa miaka saba hajileti. Ni mtoto wa nani?

Theluji Mpya
Wa mume wangu. Alimpata kabla hatujajuana. Anaishi na mama yake mji mwingine, na likizo hizi huwa anakwenda kwa bibi yake. Mwaka huu bibi anaumwa, mama yake kapangiwa zamu sikukuu zote. Nilijua nikianza na hilo mtanirukia, ndiyo maana nilinyamaza. Simchukii mtoto. Lakini hanijui, na wanangu wamemwona mara chache sana. Likizo hii ni ya watu wanne na tumeizoea hivyo. Wanangu nao wana haki ya kuwa na baba yao kwa utulivu mara moja kwa mwaka.

Muumini Mpole
Ukipenda boga, penda na ua lake. Huyo mwanaume ulimkuta na mtoto, na nadhiri ukaweka. Mtoto hana kosa. Mungu anakuangalia utakavyompokea.

Mzee wa Kijiweni
Nafuta la beleshi. Sikujua ni mtoto.

Shangazi Kaja
Nami nilikuwa mtoto wa namna hiyo. Nililelewa kwa mke wa baba, mama mwema, hakunipiga wala kuninyima chakula. Lakini kila sikukuu ilikuwapo picha ya familia, na mpiga picha alipokuwa akitupanga nilijua pa kusimama bila kuambiwa: pembeni. Hakuna aliyenituma kule. Nilikwenda mwenyewe kwa sababu nilisikia watu wazima wakisema "watoto wetu na huyu". Mama yule kafariki na nilimlilia kwa dhati, maana alinitunza. Hata hivyo hadi leo nikiingia nyumba ya watu natafuta kiti cha karibu na mlango.

Kwa hiyo mwanangu, yote haya ya vyumba na vitanda yanatatulika. La kwanza acha kumwita mgeni, hasa mbele ya wanao. Watalichukua neno hilo na watalitumia.

Binti Nahodha
Shangazi umeniliza mchana kweupe. Kwetu baba alikuwa na nyumba tatu na kila Desemba tulikuwa tunapiga hesabu atalala wapi. Nikisimulia yote uzi hautatosha.

Mpekuzi
Wakuu mnalia kwa ajili ya chai? Hii hadithi ni ya kutunga. Jua la wapi linazama saa kumi? Saa kumi mimi bado nimo juani. Halafu angalieni anavyolitoa jambo kwa mafungu: kwanza mgeni, kisha umri mdogo, kisha miaka saba. Hivyo ndivyo wanavyofanya watunzi ili uzi usomwe. Kesho atatuletea sehemu ya pili.

Msomaji Kimya
Hata mimi nilishtuka kwenye saa kumi. Mleta uzi, uko nchi gani?

Fundi Saa
Mpekuzi, ya mtoto siyajui, ila la jua usimbishie. Wewe uko karibu na ikweta, mchana na usiku wako karibu vinalingana mwaka mzima. Dunia imeinama kiasi cha nyuzi 23.5. Desemba upande wa kaskazini unakuwa umeinamia mbali na jua, na mchana mfupi kuliko yote unaangukia tarehe 21 au 22. London kipindi hicho jua linazama kabla ya saa kumi kugonga. Stockholm linazama hata saa tisa haijafika. Ukipita Mzingo wa Aktiki, ule mstari wa kaskazini ya mbali kuelekea ncha ya dunia, kuna sehemu halichomozi kabisa kwa wiki nyingi. Kusini mwa dunia wakati huohuo ni majira ya joto.

Na ongeza la kurudisha saa nyuma: Ulaya Jumapili ya mwisho ya Oktoba, Marekani Jumapili ya kwanza ya Novemba. Kwa usiku mmoja tu jioni inapungua saa nzima, watoto wadogo wanaamka gizani na kudai uji. Jambo ninalolipenda mimi ni kwamba siku ambayo jua linawahi kuzama zaidi siyo hiyo ya tarehe 21. Katika nchi hizo huwa siku kadhaa kabla, kwa hiyo anayesubiri likizo ianze jioni zake zimeshaanza kurefuka kidogo.

Mpekuzi
Fundi, la jua nimeelewa, naliondoa. Lakini kuna kitu hakijakaa. Kasema shida ni nyumba ya vyumba viwili. Watoto wawili wadogo wanalala chumba kimoja, godoro la tatu linakosa nafasi? Tangu lini mtoto wa miaka saba akajaza nyumba? Mleta uzi hajamaliza kusema.

Theluji Mpya
Sitaji nchi kwa sababu ndugu za mume wangu wanaingia humu. Anayetaka kuamini aamini.

Na ni kweli sijamaliza kusema: likizo hatutakuwa nyumbani. Nimeshalipia nyumba ya mapumziko milimani, likizo yote. Vitanda vinne. Pesa hairudishwi.

Binti Nahodha
Ulilipa kabla ya kuambiwa habari za mtoto, au baada?

Theluji Mpya
Baada. Na sioni ubaya. Yeye aliamua bila kuniuliza, kaja na jibu mkononi. Miaka yote mimi ndiye ninayepanga, ninayefungasha, ninayeamka usiku watoto wakikohoa. Nilitaka aone kuwa na mimi nina neno katika nyumba hii. Mnamwona mtoto tu. Mimi hakuna aliyeniuliza.

Muumini Mpole
Kwa hiyo ulilipia vitanda vinne ukijua watu ni watano. Dada, hapo umemjibu baba kupitia mtoto.

Shangazi Kaja
Muumini, usimkaze sana. Hilo la kutoulizwa ni la kweli na mume anapaswa kulisikia kwa sauti, wakae wawili, watoto wakiwa wamelala. Mume aliyeleta mtoto bila kuzungumza na mkewe kamweka mtoto mahali pabaya kabla hata hajafika. Mwambie hivyohivyo. Mwambie pia kwamba kazi ya kumwamkia usiku ni yake, siyo yako peke yako.

Nyumba ya milimani mpigie mwenye nayo. Wengi wana godoro la ziada, na mtoto wa miaka saba analala popote mradi asilale peke yake chumba cha mbali. Halafu mpigie mama yake, wewe mwenyewe, usimtume mume. Muulize mtoto analala na taa au gizani, anaogopa nini, nyumbani kwao wanafanya nini likizo. Chagua moja katika hayo mlifanye nanyi. Nyota zenu za karatasi zitabaki, ila na yeye awe na jambo lake ambalo wanao watamfuata yeye.

Msomaji Kimya
Na kwenye nyota mpe mkasi siku ya kwanza, asikae kuangalia wenzake.

Theluji Mpya
Nimesoma yote. Nimempigia mwenye nyumba, godoro lipo. Kwa mume wangu sijasema nimekubali, nataka kwanza anisikilize, na safari hii hatonyamaza. Lakini sitaki mtoto asimame pembeni kwenye picha. Shangazi, hilo limenikaa.

Nina swali kwa Nesi. Barabara ya milimani ni ndefu na gari ni dogo. Wanangu wana miaka miwili na minne, wanakaa kwenye viti vyao. Wa miaka saba anahitaji kiti au mkanda unatosha? Nataka nimvalishe jaketi zito asipate baridi.

Nesi wa Zamu
Wa miaka saba wengi bado wanahitaji kiti cha kumwinua, hadi mkanda upite katikati ya bega na chini kwenye nyonga, usimpande shingoni wala tumboni. Sheria ya urefu na umri inatofautiana nchi na nchi, angalia ya huko. Kabla ya safari pima kama viti vitatu vinaenea nyuma.

Jaketi zito hapana, kwa wote watatu. Gari likigonga ule unene unabonyea, mkanda unabaki umelegea na mtoto anaweza kuchomoka. Wavue, wafunge mkanda ukiwa umebana mwili, kisha wafunike blanketi au jaketi kwa juu.

Mpekuzi
Mtunzi wa chai haulizi mambo ya mkanda. Safari njema, dada.

Theluji Mpya
Asante. Urefu wake siujui. Nampigia mama yake sasa hivi kabla hajaingia zamu, nitamuuliza na namba ya viatu.