Hilux 3L: taa ya oili inawaka nikipanda mlima Kitonga, je, ni bearingi za kranki (shafti kuu ya injini) kweli?

MkulimaIlula
Wakuu, habari za jioni. Nina Hilux 4x2, injini 3L ya dizeli. Napeleka nyanya Morogoro kutoka Ilula, narudi na mbolea. Jumanne nikirudi na mifuko 18, niko gia ya pili katikati ya Kitonga, taa nyekundu ya birika la oili ikaanza kupepesa. Nyuma yangu kulikuwa na semi, sikuwa na pa kusimama. Nilienda kama mita mia tatu nikapata nafasi pembeni, nikazima.

Nilivuta stiki, oili iko alama ya juu na hainuki dizeli. Maji yalikuwa sawa. Nikakaa nusu saa, nikawasha, taa ikazimika kama kawaida, nikafika nyumbani taratibu bila kuiona tena. Tangu siku hiyo mwendo ni huohuo: asubuhi gari liko zima kabisa, nikienda kilomita ishirini na mzigo inapepesa, nikiipumzisha inapona.

Miezi miwili iliyopita sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, ilikuwa inavuja, ikashushwa na kufungwa upya gereji moja mjini. Fundi wa hapa kijijini ameisikiliza injini akasema bearingi za kranki zimekwisha, nijiandae na overhoo, yaani kuifungua injini nzima na kuitengeneza upya. Gari hili ndilo linalolipa ada za watoto watatu. Naombeni ushauri kabla sijaifungua.

Dereva_Makambako
Pole mkuu. Yangu iliwahi kufanya hivyo. Nilimwaga oili ya 15W-40 nikaweka 20W-50 iliyo nzito zaidi, taa ikaacha kuwaka, na huu ni mwaka wa pili. Jaribu hiyo kwanza.

FundiDizeli
Ndugu Mkulima, usiipande Kitonga tena na mzigo mpaka tujue ugonjwa. Na oili nzito usiweke kwa sasa. Inapandisha presha kidogo, taa inazimika, tatizo linabaki palepale, na safari hii halitakupa onyo. Dereva nakuheshimu, ila wewe hukupima, kwa hiyo hujui bearingi zako zikoje leo.

Swichi ya ile taa huwaka presha ikiwa imeshakaribia sifuri. Kwa hiyo kuanzia taa ikiwaka, hesabu sekunde. Unachohitaji ni namba. Azima geji ya presha ya mshale, fungua swichi ya taa kwenye bloku, funga geji hapo. Nyuzi za Toyota pale ni za kipimo cha 1/8 BSPT. Kuna adapta za kipimo kingine, NPT, zinazofanana nazo kwa macho, zinaingia duru mbili kisha zinakaza. Ukilazimisha unaharibu nyuzi za bloku.

Pima ikiwa baridi, halafu tembea mpaka ipate moto hasa, upime tena kwenye sailensi (injini inanguruma bila kukanyaga mafuta) na kwenye resi ya mizunguko 3000 kwa dakika. Kwa 3L ya moto, sailensi presha isipungue psi 4, na kwa 3000 iwe kati ya 36 na 85.

Sasa sikiliza kitu ulichokitaja mwenyewe. Bearingi zikiisha, presha huwa duni kwenye sailensi ya moto, ukipiga resi inapanda. Kupumzika nusu saa hakuziponyi, labda oili ipoe. Yako inaugua ikivuta kwa nguvu, ikilala inapona. Hiyo ni tabia ya streina, lile chujio la wavu ndani ya sampo ambalo pampu inanyonyea. Uchafu unavutwa unakaba wavu. Ukizima, unadondoka chini. Na sampo yako ilifungwa juzi tu. Walitumia gasketi au gundi?

UmemeWaGari
Naongezea: swichi yenyewe huzeeka, na waya wake ukichubuka ukagusa bodi, taa inawaka bure. Geji itamaliza ubishi huo pia.

MkulimaIlula
Gundi nyekundu, Fundi. Ilikuwa imefura nje ya sampo pande zote, mimi nikaona wamefanya kazi ya uhakika.

FundiDizeli
Iliyofura nje imefura na ndani. Leta namba.

MkulimaIlula
Wakuu, nimerudi. Geji niliazima Iringa mjini. Baridi, sailensi: 52. Ya moto, sailensi: 11. Nikapandisha resi polepole: ikafika 34, halafu mshale ukaanza kutetemeka, na kwenye 3000 ukashuka mpaka 19 huku injini inaunguruma vilevile. Nilizima palepale.

Jana tumeshusha sampo. Ilibidi kulegeza maunti zinazoshikilia injini na kuinua injini kidogo. Streina nilitaka kuiona kwa macho yangu, nikalala chini na tochi. Vipande vya silikoni nyekundu vimelala juu ya wavu kama maganda ya nyanya yaliyokauka, kimoja kirefu kama kidole changu cha mwisho, nusu yake imenyonywa ndani ya matundu. Nilikivuta kwa koleo, kikanyooka kama mpira. Theluthi mbili ya wavu ilikuwa imezibwa.

FundiDizeli
Asante kwa kutuletea majibu, wengi hupotea hapa. Kabla hujafunga, fungua kofia moja ya konrodi (mkono unaounga pistoni na kranki) utazame bearingi. Ikiwa ya kijivu na laini, funga. Ukiona rangi ya shaba, hizo badilisha. Osha streina kwa dizeli, upulize kwa hewa kutoka ndani kwenda nje. Toa vali ya presha ya pampu uone kama inateleza vizuri, maana kipande kidogo kikiingia hapo kinaiacha wazi. Gundi iwe uzi mwembamba wa milimita 3 hadi 5, upite upande wa ndani wa matundu ya bolti, kwenye chuma kikavu kisicho na oili. Filta mpya, oili mpya 15W-40.

MkulimaIlula
Bearingi ni ya kijivu, haina mkwaruzo. Vali inateleza. Leo jioni, injini ya moto: sailensi 14, kwenye 3000 inasimama 47, mshale umetulia. Kesho napanda Kitonga na mifuko kumi tu, geji nimeiacha imefungwa, mwanangu mkubwa atakaa pembeni kuitazama.

FundiDizeli
Vizuri sana. Filta hiyo itoe baada ya kilomita 500, uikate uone kama kuna mabaki mengine.