Mapromota wa matamasha ya kipupwe: Bagamoyo mnachukua jina na ufukwe, wenyeji mnatuachia hasara na taka

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu na nina hasira, ila ninayoandika nimeyaona kwa macho yangu au nimesimuliwa na aliyedhulumiwa mwenyewe. Mods, nawaomba msiuhamishie jukwaa la burudani. Hapa tunazungumzia hela za watu.

Ikifika Juni, masika yamekata, joto limeshuka, shule zimefungwa, Dar nzima inatafuta pa kwenda wikiendi. Bagamoyo ni kilomita 70 hivi tu. Unapanda gari Makumbusho, unapita Bunju, Mapinga, Kerege, umefika. Mapromota wamelijua hilo, ndiyo maana mpaka Agosti iishe hatupumui: leo tamasha la muziki, kesho la nyama choma, wiki ijayo la "utamaduni wa pwani". Sina ugomvi na sherehe. Nimezaliwa Dunda, nimekulia kwenye ngoma, mji huu bila ngoma siujui. Ugomvi wangu ni kwamba wanafanya tamasha Bagamoyo bila watu wa Bagamoyo, na wale wachache wanaoingizwa, wanaingizwa ili wapigwe.

Nichukue moja tu, la msimu huu. Jina la kampuni silitaji kwa sababu wazee wa mtaa bado wanafuatilia malipo na sitaki kuwaharibia. Aliyekuwepo ataelewa nazungumzia lipi.

Kwanza bango lenyewe. Wameweka picha ya jua likizama baharini, na chini yake neno Bagamoyo kwa herufi kubwa. Jamani, Bagamoyo jua linachomoza baharini! Linazama huku bara, upande wa Mlandizi. Mtu unachukua jina la mji, unauza tiketi kwa jina hilo, halafu hujawahi hata kusimama pwani yake jioni moja ukaangalia jua linaenda wapi. Nilipoliona lile bango nikajua hawa watu hawajauliza mtu yeyote chochote. Na kweli.

Tarehe wakapanga Jumamosi ya mwezi mpevu, nadhani kwa ajili ya picha. Mwezi mpevu maana yake bamvua, siku ambazo bahari inatoka mbali na kujaa kupita kawaida. Kwenye pwani yetu maji ya bamvua hutoka asubuhi, yanakuwa yametoka kabisa kwenye saa nne, kisha yanarudi, na kwenye saa kumi alasiri yamejaa. Tofauti ya maji kutoka na kujaa siku hizo inapita mita 3. Mtoto yeyote anayeshinda pale soko la samaki anakwambia haya bila kuangalia simu. Wao walikuja kupanga vibanda asubuhi, maji yako mbali, mchanga umefunguka mpana, wakachora mistari kwa chokaa. Juu, kwenye kivuli cha minazi, wakaweka mahema ya wenye tiketi za bei kubwa. Mama lishe wa kwetu wakapelekwa chini.

Mama yangu mdogo ni mmoja wao. Anauza mihogo, pweza na supu yake, anajulikana. Alilipia kibanda 80,000, na hela ile aliikopa kwenye kikoba. Akamwambia yule kijana aliyekuwa anagawa nafasi, "Mwanangu, hapa maji yanafika." Kijana akamjibu, "Mama, sisi tuna ramani. Ukitaka kibanda chako ni hicho, hutaki basi." Na hela imeshalipwa, hairudi.

Saa tisa na nusu mawimbi yakaanza kugusa miguu ya meza, na kusi nalo lilikuwa linavuma. Haikufika saa kumi jiko la mkaa limezimika. Karai la mafuta lilikuwa bado la moto, wanawake wawili wakalibeba kwa kanga walizozivua viunoni, wanatembea nalo kwenye maji ya magotini huku wanapiga kelele watoto wapishe. Ndoo ya pweza aliyechemshwa tayari ikachukuliwa na wimbi mbele ya macho yao. Mihogo iliyomenywa ikajaa mchanga. Wengine waliokuwa na juisi na vitumbua hivyo hivyo. Na muda huo wateja wenyewe walikuwa hawajaanza kuingia! Alipokwenda kudai arudishiwe hata nusu, akaambiwa majanga ya asili hayamo kwenye makubaliano. Bamvua, janga la asili? Kitu kinachokuja kila mwezi mpevu na kila mwezi mwandamo tangu dunia iumbwe?

Sasa njoo kwenye ngoma, hapa ndipo roho inaniuma zaidi, maana nami ni mmoja wa kikundi.

Kikundi chetu tunacheza mdundiko, ngoma ya Wazaramo. Waliahidi 600,000, kwa mdomo na kwa meseji, wakachukua picha ya mzee wetu akiwa na ngoma wakaibandika kwenye tangazo. Tukaambiwa tufike saa sita mchana. Saa nane, uwanja mtupu, jua kali, wakatwambia pandeni. Kabla ya hapo tulikuwa tumewasha moto mdogo wa makuti kupasha ngoma. Asiyejua aelewe: ngozi ya ngoma ikikaa kwenye unyevu wa bahari inalegea, bila kuipasha moto haivumi. Akaja mlinzi na chupa mbili za maji akamwagia moto wetu, eti usalama. Mzee akamwomba kwa adabu, "Baba, tuache dakika kumi tu zikaze, tutazima wenyewe." Hakumsikiliza. Mzee wa umri wa babu yake! Tukapanda na ngoma baridi. Tukaomba vipaza sauti viwekwe karibu na ngoma, fundi mitambo akasema vile ni vya msanii mkubwa, visiguswe. Tukapiga hivyo hivyo, wimbo wa pili ulikuwa haujaisha, dijei akafungulia spika juu yetu. Tukashuka.

Sikilizeni kilichofuata. Usiku, kama saa nne, yule msanii mkubwa wa kwenye bango hajafika. Watu wamelipa 30,000 mlangoni, wameanza kuzomea, chupa zinarushwa jukwaani. Ndipo tukaona mtu wa kampuni anatukimbilia kule nyuma tulikokaa kusubiri malipo yetu, anahema, "Wazee wangu, shikamooni, tusaidieni kushika watu." Shikamoo ikapatikana usiku! Vipaza sauti vikapatikana. Moto wa makuti nao ukaruhusiwa. Kwa heshima ya wageni waliotoka mbali tukapanda, tukapiga karibu saa nzima, na wale watu wa Dar waliokuwa wanazomea wakashuka kwenye mchanga wakacheza mdundiko mpaka viatu wakavua. Kuna dada alinifuata baadaye akasema hajui kwa nini sisi hatukuwa kwenye ratiba ya usiku tangu mwanzo. Nami sijui.

Malipo: 150,000. Kikundi kizima. Wakasema ile ya mchana "haikukamilika" kwa hiyo hailipwi yote, na ile ya usiku "mlijitolea". Wenye tiketi nao, msanii hakutokea mpaka asubuhi, wakaambiwa tiketi hairudishwi kwa kuwa burudani ilikuwepo. Yaani burudani iliyotumika kuwanyima wao hela zao ni ileile ambayo sisi hatujalipwa.

Haukupita muda nikaona kwenye mtandao video ya usiku ule, sisi na ngoma zetu, watu wanacheza, inatangaza tamasha jingine la kampuni ileile, Kigamboni. Hakuna aliyetuuliza. Nchi hii ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na mtumbuizaji ana haki zake humo, siyo mtunzi wa wimbo peke yake. Vikundi vingi vya ngoma havijui hilo, na wao wanajua kwamba hatujui.

Kuna watakaosema Bagamoyo hatuwezi matamasha, tushukuru tunaletewa. Hapo ndipo mnaponitibua kabisa. Mji huu una tamasha lake tangu 1982, lilianzishwa mwaka mmoja tu baada ya Chuo cha Sanaa kufunguliwa hapa, na linaendelea mpaka leo chini ya TaSUBa, ndilo jina la sasa la chuo hicho. Kizazi chetu tumejifunza kukaa kwenye hadhira pale. Unakwenda unaona ngoma za Wamakonde, za Wagogo, za Wasukuma, vikundi kutoka nje ya nchi, na kikundi cha kijijini kinapewa jukwaa lilelile analopewa mgeni. Marehemu Hukwe Zawose, aliyeipeleka zeze na ilimba ya Kigogo mpaka kwenye majukwaa ya Ulaya, aliishi na kufundisha hapa hapa, na alifia hapa mwaka 2003. Wazungu walikuwa wanakaa kimya kumsikiliza mtu na marimba yake ya mkononi. Halafu leo kijana wa kampuni ya Mikocheni ananiambia vipaza sauti ni vya msanii mkubwa.

Angalieni Makunduchi kule Unguja, Mwaka Kogwa, mwezi wa Julai. Wanapigana kwa migomba, wanachoma kibanda cha makuti, wageni wanajaa kutoka kila pembe, na mwenye shughuli ni mwanakijiji. Kule wanaamini kila mwenyeji anapaswa awe na mgeni siku ile, kwa hiyo mgeni analishwa. Hakuna promota anayekwenda kumwambia mzee wa Makunduchi asubiri jukwaa. Hata Sabasaba, pamoja na ukubwa wake wote pale barabara ya Kilwa, mama ntilie anajua mapema maonyesho yanaanza lini na yanaisha lini, anapanga mtaji wake.

Taka sitaki hata kuzizungumza sana. Jumapili asubuhi kampuni imeshaondoka na jenereta lake, ufukwe umejaa chupa za plastiki na kamba za mahema, wavuvi wanazitoa kwenye nyavu mpaka leo. Waliosafisha ni vijana wa mtaa, bure.

Ninachotaka kiko wazi. Hizo 450,000 zetu zilizobaki zilipwe. Waliolipia vibanda warudishiwe. Ile video ishushwe au tulipwe. Na ofisi zinazotoa ufukwe kwa ajili ya matamasha, hao mapromota kila siku mnawakagua jenereta na vyoo. Kagueni pia mikataba yao na vikundi na mama lishe kabla ya kuwapa eneo. Mratibu wa tamasha anatakiwa awe na kibali cha BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa), sawa, basi kibali hicho kiambatane na karatasi inayoonyesha wenyeji wanalipwa nini na lini. Promota akishindwa kuandika hivyo, aende akafanyie tamasha lake uwani kwao.

Kwa vikundi wenzetu wa Pwani: msipande jukwaani kwa ahadi ya mdomo. Sisi tumeshakubaliana, nusu ya malipo inaingia kabla ngoma hazijapakiwa kwenye gari, na mkataba unataja saa ya kupanda na vipaza sauti. Tutakosa shughuli kadhaa, najua. Heri tukose.

Na ndugu zetu wa Dar, hasira hii si yenu. Njooni. Mkitaka ngoma, ulizeni tamasha la TaSUBa litakuwa lini mwaka huu. Mkitaka pweza, siku yoyote nendeni soko la samaki jioni, mtakuta meza za mama lishe wale wale, bei ya kawaida, bila kiingilio.

NYONGEZA: Nimesoma majibu yenu. Aliyeandika kwamba hii ni fitina ya kampuni pinzani, mimi ni fundi seremala, sina kampuni ya matamasha wala sijawahi kufanya kazi na yoyote zaidi ya kupiga ngoma. Anayesema "mngekataa kupanda ile usiku", ulikuwepo? Watu wanarusha chupa, kuna watoto, mzee wetu akasema wageni hawana kosa. Uamuzi ule naupenda mpaka kesho. Kosa ni la aliyeutumia kutunyima hela.

Mliolipia vibanda siku ile, msitupe risiti hata kama imeandikwa kwa mkono kwenye kipande cha daftari. Aliyelipa kwa simu asifute meseji ya muamala. Mama mdogo anaandika orodha ya majina na kiasi cha kila mmoja, yuko pale soko la samaki kuanzia saa kumi alasiri. Walionunua tiketi pia mnaweza kuingia kwenye orodha hiyo hiyo, na ndiyo tutakayoipeleka kwa pamoja.