Mtoto wa miaka 3 na nusu, "k" yote kwake ni "t", nisubiri au nimpeleke?

mama_kitinda: Wazazi wazoefu nisaidieni. Wangu anaongea kutwa hachoki ila kaka ni "tata", kiatu "tiatu", gari "dali". Mi namwelewa, wageni wanabaki kuniangalia niwatafsirie. Juzi nikamuuliza "umesema tiatu?" akanikasirikia, "sio tiatu, TIATU!" Nikacheka halafu nikaogopa. Bibi yake anasema kale kauzi chini ya ulimi kakatwe.

baba_wawili: Hiyo "sio tiatu" mbona habari njema, sikio lake linajua k na t ni vitu viwili, mdomo ndo bado. K na g zinatokea huko nyuma ya ulimi, yeye anazileta mbele karibu na meno alikozoea, na ona hakosei ovyo, k ni t, g ni d, ana kanuni yake kabisa. Wengi wanaacha kabla ya miaka 4. R nayo ipe muda, huwa inachelewa kuliko nyingi.

fundi_matamshi: Mi kazi yangu ni tiba ya usemi. Kauzi mkaache, kanazuia ncha ya ulimi, na t anayoitamka vizuri ndo inayotaka hiyo ncha, k haiitaki. Ila "ataacha mwenyewe" nayo imewachelewesha wengi. Anapata mafua mara kwa mara? Maji yanaweza kubaki nyuma ya ngoma ya sikio, mtoto akasikia kama kazama kwenye maji, leo vizuri kesho vibaya, na nyumbani hakuna anayegundua. Kwa umri wake mgeni anatakiwa kuelewa kama robo tatu ya anachosema, akifika 4 karibu chote. Kama hafiki hapo, au neno moja kila akilisema linatoka tofauti, usisubiri.

mama_kitinda: Duh, mafua hayamwishi, na tivii anaongeza sauti mi nikajua utundu tu. Sasa nyumbani nimrekebishe vipi?

fundi_matamshi: Anza na kipimo cha masikio. Nyumbani usimwambie "sema kiatu", akisema "tiatu tiko wapi" we jibu "eeh, kiatu, kiatu kiko wapi jamani?" muendelee kutafuta. Na asiigizwe.

mama_kitinda: Mwigizaji mkuu humu ndani ni huyo huyo "tata" 😂 naanza nae yeye leo.