Kikundi cha familia: kisa cha Holmes

Neema: Wapendwa, nimetumiwa kisa cha H. H. Holmes wa Chicago. Eti alijenga hoteli ya kuulia watu, akaua 200. Kweli?

Mjomba Salim: Magazeti yalitia chumvi mwanangu. Jengo lilikuwepo, mtaa wa Englewood, chini maduka, juu vyumba. Hao 200 hawana ushahidi. Mwenyewe alikiri 27, na baadhi ya aliowataja walikuwa hai!

Neema: Duh

Mjomba Salim: Jina lake hasa Herman Mudgett, kazaliwa New Hampshire 1861. Udaktari alisomea Michigan. Ila maisha yake yote ni utapeli, bima na madeni.

Shangazi Rehema: Mimi kinachoniuma ni watoto wa Pitezel. Hao hawasemwi.

Neema: Watoto gani shangazi?

Shangazi Rehema: Benjamin Pitezel alikuwa mshirika wake. Wakapanga Pitezel ajifanye amekufa, wapate dola 10,000 za bima. Holmes akamuua kweli, Philadelphia, Septemba 1894. Mkewe akaambiwa mumeo yu hai, amejificha. Basi akaachia watoto watatu wasafiri na Holmes: Alice, Nellie na Howard.

Juma: Mama wa watu 😭

Shangazi Rehema: Watoto wanamwandikia mama yao barua, wamemkumbuka, baridi inawatesa. Holmes hakutuma. Alikaa nazo, polisi wakazikuta.

Mjomba Salim: Na ndizo zilizomsaidia mpelelezi Frank Geyer. Alizunguka mji kwa mji, hoteli kwa hoteli, picha za watoto mkononi. Toronto, mzee mmoja akasema yule mpangaji wa jirani aliazima sepetu, eti achimbe shimo la kuwekea viazi.

Juma: Viazi!

Mjomba Salim: Geyer akaazima sepetu ile ile. Julai 1895 akawakuta Alice na Nellie wamefukiwa chini ya nyumba. Mabaki ya Howard yakapatikana mwezi uliofuata, karibu na Indianapolis, kwenye dohani.

Neema: Mungu wangu. Mama yao alijua?

Shangazi Rehema: Aliitwa Toronto kuwatambua. Alimjua Alice kwa nywele zake.

Juma: Huyo mtu alifanywaje?

Mjomba Salim: Alinyongwa Philadelphia, 7 Mei 1896. Kesi yenyewe ilikuwa ya Pitezel tu.

Shangazi Rehema: Neema, hiyo ya hoteli usiisambaze mama. Ukiulizwa, wataje watoto kwa majina.

Neema: Sawa shangazi. Naandika sasa hivi.