Kuhamia seva mpya za DNS: Debian na Solaris zinarudisha anwani za zamani

Nuru_Moro:
Wakuu, habari za kazi. Seva zetu mbili za DNS (zinazogeuza majina ya mashine kuwa IP), 10.20.0.5 na 10.20.0.6 (BIND ya zamani), zinazimwa mwisho wa mwezi. Mpya ni 10.20.8.53 na 10.20.9.53, zinaendesha Unbound, programu nyingine ya DNS. Mashine ninazohudumia ni mchanganyiko: Debian 12, CentOS 7 chache ambazo hakuna anayetaka kuzigusa, na Solaris 11 moja yenye hifadhidata ya uhasibu.

Nimehariri `/etc/resolv.conf` (faili linalotaja seva za DNS za kuulizwa) kote, na `dig`, amri ya kupima DNS, inajibu vizuri kila mahali. Ila Debian zikiwashwa upya, anwani za zamani zinarudi. Solaris nayo imefuta nilichoandika. Na kuna programu ya Java kwenye CentOS ambayo hadi sasa inauliza 10.20.0.5 (0.5 kwa kifupi), nimeiona kwa `tcpdump -n port 53`. Jamaa wa ofisini anasema nifunge faili kwa `chattr +i` yaishe. Mnasemaje?

Kibo88:
Chattr tu dada. Mimi huwa nafunga, naendelea na mengine.

Msumari:
Kibo, akija mwenzako kubadilisha DNS baada ya wewe kuhama kazi, atahangaika mchana kutwa na faili lisiloandikika hata kwa root. Isitoshe hiyo amri Solaris haipo.

Nuru, kabla ya kuhariri chochote, jua nani mwenye hilo faili. Piga `ls -l /etc/resolv.conf`. Ukikuta ni kiungo cha kwenda `/run/systemd/resolve/`, mwenyewe ni systemd-resolved. Ukikuta ni faili la kawaida, soma mstari wa juu. Mara nyingi aliyeliandika ameacha jina lake hapo. Debian zako nadhani zinapewa anwani na DHCP (huduma inayogawa mipangilio ya mtandao), kwa hiyo pa kurekebisha ni kwenye seva ya DHCP, si kwenye mashine moja moja. CentOS yenye NetworkManager:

`nmcli con mod ens192 ipv4.dns "10.20.8.53 10.20.9.53" ipv4.ignore-auto-dns yes`

kisha `nmcli con up ens192`. Solaris 11 hulitengeneza faili hilo kutoka kwenye SMF, msimamizi wake wa huduma, ndiyo maana maandishi yako yamefutwa:

`svccfg -s network/dns/client 'setprop config/nameserver = net_address: (10.20.8.53 10.20.9.53)'`

halafu `svcadm refresh network/dns/client`.

Java sasa. CentOS 7 ina glibc 2.17, maktaba ambayo programu huitumia kutafuta majina. Glibc ilianza kugundua yenyewe kwamba resolv.conf imebadilika kwenye toleo la 2.26, mwaka 2017. Kabla ya hapo, programu iliyokwisha kusoma faili hukaa na anwani zilezile hadi uizime na kuiwasha. Panga muda na wenye programu, iwashwe upya. Hakuna ujanja mwingine hapo.

Usiiamini sana `dig`. Kila ukiiita inasoma faili upya, na haipiti nsswitch (mpangilio wa mfumo wa wapi majina yatafutwe), kwa hiyo inakuonyesha hali ya faili, haikuonyeshi hali ya programu. Pima kwa `getent hosts`, ambayo hupita nsswitch. Kama kuna Postfix (seva ya barua pepe) kwenye Debian, angalia pia `/var/spool/postfix/etc/resolv.conf`. Huduma zake zilizofungiwa ndani ya chroot (saraka moja zisiyoweza kutoka) husoma nakala hiyo, nayo hunakiliwa Postfix inapoanza.

La mwisho, na kwangu ndilo kubwa: msizime mwisho wa mwezi. Kwenye BIND ya zamani piga `rndc querylog on`, kila anayeuliza ataandikwa kwenye logi na anwani yake. Acheni mwisho wa mwezi upite kwanza, maana kazi za mishahara kwenye cron huamka siku hizo tu. Ukizima huku mashine bado ina 0.5 kwenye mstari wa kwanza, kwa kawaida kila swali litasubiri sekunde 5 kabla ya kujaribu seva ya pili. Watumiaji watakwambia "mtandao uko slo" na hakuna atakayekutajia DNS.

Pwani_BSD:
Kwa nini ujichoshe? Zikishazimwa, zipe seva mpya zile IP za zamani kama anwani ya ziada. Ziongeze kwenye `interface:` ya Unbound, ruhusu mitandao yenu kwenye `access-control:`, basi. Hakuna mteja atakayejua.

Msumari:
Kwa printa na kamera, sawa kabisa. Kwa seva hapana. Ukifanya hivyo hazitahama milele, na huo mtandao wa 10.20.0 hamtaufunga kamwe.

Nuru_Moro:
Asanteni. Ilikuwa DHCP kweli. Solaris imetulia, Java imewashwa upya usiku na haijauliza 0.5 tena. Limezuka jipya: mashine zilizohamia zinakataliwa na seva ya NFS (inayogawa mafaili), "access denied". Kwenye `/etc/exports`, orodha ya wanaoruhusiwa, tumeandika `*.ofisi.lan`.

Msumari:
Seva ya NFS yenyewe imeshahamia Unbound?

Nuru_Moro:
Ndiyo, jana.

Msumari:
Basi kosa haliko kwa wateja. Ili kulinganisha na `*.ofisi.lan`, seva inabidi igeuze IP ya mteja kuwa jina. Unbound kwa kawaida hujibu yenyewe kwamba majina ya IP za ndani hayapo, bila kumuuliza yeyote. Weka chini ya `server:`

`local-zone: "10.in-addr.arpa." nodefault`

halafu stub-zone ya jina hilohilo ielekee kwenye seva yenye rekodi zenu za PTR (zinazogeuza IP kuwa jina). Pima kwa `dig -x` ukitumia IP ya mteja mmoja.

Nuru_Moro:
PTR zinajibu, NFS imekubali. Tarehe za mishahara zimepita, na kwenye querylog imebaki anwani moja tu, 10.20.3.41: kifaa cha kadi za mlangoni. DNS yake iliandikwa kwa mkono na nywila hakuna anayeijua. Hicho nitakifanyia ile ya Pwani, IP ya 0.5 peke yake, hadi kitakapobadilishwa.