MREJESHO: Makala yangu ya Kilwa 1776 kule Oxford

Wakuu, shikamooni na asanteni. Nilikuja hapa kuomba ushauri nikitetemeka: makala yangu imekubaliwa kwenye mkutano wa mwaka wa jumuiya ya Uingereza ya masomo ya karne ya 18, nina kurasa 14, nauli sina, na sijawahi kusimama mbele ya maprofesa.

Ushauri wenu wa kukata makala hadi maneno 2,000 nimeufuata. Uliuma! Nilibakiza mkataba wenyewe tu wa kuuziana watumwa: Morice, mfanyabiashara Mfaransa, na Sultani wa Kilwa, Septemba 1776, watumwa 1,000 kila mwaka, piasta (sarafu za fedha) 20 kwa kichwa, na 2 za zawadi kwa Sultani kwa kila mtumwa. Nilipoisoma ile bei ukumbi ulinyamaza kabisa. Nilimaliza kwa dakika 19.

Aliyesema nichapishe ramani nakala 20, Mungu akubariki. Projekta iligoma kusoma flashi yangu, nikagawa karatasi kama mnada wa Kariakoo.

Ruzuku ya nauli niliomba, nikakosa. Nilichelewa kupeleka barua ya msimamizi, kosa langu. Nikapanda basi la usiku kutoka Leeds, na hiyo baridi ya Januari msiniulize.

Swali moja lilinishinda: habari nyingi tunazipata kwa kalamu ya Morice, je, upande wa Kilwa ulielewaje mkataba ule? Nilisema wazi sina jibu. Mama mmoja akanifuata wakati wa chai, tumebadilishana anwani, na sura ya tatu ya tasnifu inabadilika.